Somo la afya: Kilema cha mgongo ambacho mtu huzaliwa nacho bila kukijua



Mara hii somo letu ni juu ya mgongo. Hapa Muheto, na katika milima yote ya Masisi mpaka Walikale, mgongo ni chombo cha kazi. Maji, kuni, viazi, maharagi, makala, hata mtoto, vyote hubebwa na mgongo. Kwa hiyo mtu akisema, "Mugongo inaniuma," hakuna anayeshangaa. Wanamjibu: "Ni kazi tu, itapita." Mara nyingi ni kweli, ni kazi tu.

Lakini si kila mara. Wako watu waliozaliwa na kasoro katika mifupa ya mgongo, au katika kamba ya neva iliyo ndani yake, na hawajui. Wanakua, wanasoma, wanaoa au wanaolewa. Halafu, wakiwa na miaka 25, 30 au 40, maumivu yanaanza, mguu unakufa ganzi, mkojo unawaponyoka. Hapo ndipo maneno nayo yanaanza: huyu amelogwa, huyu mvivu, huyu ameficha dhambi.

Katika somo hili tutaangalia mambo matatu: kasoro hiyo inatoka wapi, kwa nini inakaa siri miaka mingi, na tufanye nini tukiona alama zake. Tusome polepole, maana jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe hapa shuleni.

1. Mgongo umejengwa namna gani?

Weka kidole nyuma ya shingo yako, ukishushe mpaka kiunoni. Yale manundu unayoyagusa ni pingili. Mtoto huanza na pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 zinazoungana baadaye kuwa mfupa mmoja wa nyonga, na 4 ndogo za mwisho kabisa. Kila pingili iko na mwili mzito upande wa mbele, na upinde upande wa nyuma. Kati ya mwili na upinde kuna tundu. Pingili zikipangwa moja juu ya nyingine, yale matundu yanakuwa mfereji mrefu.

Ndani ya mfereji huo inapita kamba laini inayotoka katika ubongo. Unene wake ni kama kidole kidogo, na urefu wake kwa mtu mzima ni karibu sentimeta 45. Wengi huiita uti wa mgongo, lakini jina hilo hutumika pia kwa mifupa. Basi sisi tutasema kamba ya neva, ili tusichanganye.

Sasa shikeni jambo hili. Kamba ya neva haifiki mwisho wa mgongo. Kwa mtu mzima inaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya pale ni nyuzi tu za neva, zinazoshuka kama mkia wa farasi kwenda miguuni, kwenye kibofu cha mkojo na kwenye njia ya choo. Hapo zamani, mtoto alipokuwa mdogo sana tumboni, kamba ilijaza mfereji wote. Lakini mifupa hukua upesi kuliko kamba. Mifupa ikirefuka, ncha ya kamba inabaki juu. Ni lazima kamba iwe huru kuteleza ndani ya mfereji. Tutarudi kwa jambo hili.

2. Ni nini kinachoharibika tumboni mwa mama?

Mgongo huanza kufanyika mapema kuliko watu wanavyofikiri. Kamba ya neva mwanzoni ni kama jani bapa. Kando zake mbili zinainuka, zinakutana, zinafungana kuwa bomba. Kazi hiyo humalizika karibu siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Siku ile wamama wengi hawajajua hata kama wako na mimba. Baadaye kidogo mifupa nayo inajipanga kuzunguka bomba hilo.

Bomba lisipofungwa, na ngozi nayo isipofungwa, mtoto anazaliwa na kidonda au mfuko mgongoni. Hilo linaonekana siku ileile ya kuzaliwa. Katika Afrika yetu ya Mashariki watoto wa namna hiyo wametibiwa sana Mbale, Uganda. Daktari Benjamin Warf wa Marekani alifika kule mwaka 2000 kusaidia kuanzisha hospitali ya watoto ya CURE. Lakini leo hatusemi juu ya hao. Tunasema juu ya ndugu zao ambao ngozi yao imefunika kila kitu. Hao wana kasoro za namna nne hivi:

(a) Upinde usiofungwa. Upinde wa pingili ya chini umebaki wazi kidogo, lakini kamba na ngozi ni vizuri. Hii ni kitu cha kawaida sana: kati ya watu kumi, mmoja au hata wawili wanayo. Wengi wao haitawasumbua mpaka kufa kwao. Kwa hiyo daktari akiiona katika picha, mtu asianze kulia.

(b) Nusu ya pingili. Upande mmoja wa pingili umefanyika, upande mwingine hapana. Fikirini fundi anayejenga ukuta, halafu katikati anaweka tofali iliyokatwa mshazari. Kila tofali ya juu yake italala upande. Mgongo nao unapinda vivyo hivyo.

(c) Pingili zilizoshikana. Pingili mbili au tatu zimezaliwa zikiwa mfupa mmoja. Zikiwa za shingo, mtu anakuwa na shingo fupi isiyogeuka vizuri, na nywele za kisogo zinashuka chini. Madaktari wawili wa Ufaransa, Maurice Klippel na André Feil, waliieleza hali hii mwaka 1912. Wengine hupata kuijua ukubwani tu, baada ya kuanguka na kupigwa picha.

(d) Kamba iliyofungwa. Hii ndiyo yenye kuleta shida kubwa. Ncha ya kamba ya neva imeshikwa huko chini na mafuta au na uzi mnene, haiwezi kuteleza. Mmeona mbuzi aliyefungwa kwa kamba fupi? Akiwa mahali pamoja hana shida. Akitaka kwenda mbele, kamba inamvuta shingo. Vivyo hivyo, kila mara mgongo unaporefuka au kuinama, neva zinavutwa na damu inazifikia kwa shida.

3. Kwa nini inakaa siri mpaka ukubwani?

Kwanza, mwili wa mtoto unajua kujisaidia. Mguu mmoja ukiwa dhaifu kidogo, mtoto anautegemea ule mwingine, na hajui kwamba wenzake hawatembei hivyo. Hawezi kusema amepoteza kitu ambacho hajawahi kuwa nacho.

Pili, shida inakuja pamoja na umri. Miaka ya 11 mpaka 16 mwili unarefuka upesi, na kamba iliyofungwa inavutwa zaidi. Halafu inakuja kazi ya watu wakubwa: kuinama shambani toka asubuhi mpaka jioni, kubeba mzigo kwa mukanda wa kipaji, kusukuma chukudu, kuzaa. Mzigo haukuleta kasoro. Mzigo umeifunua tu.

Tatu, jicho halioni mfupa. Kabla ya mwaka 1895, Wilhelm Röntgen alipogundua miali ya radio, hakuna mtu duniani aliyeweza kuona mifupa ya mtu mzima na hai bila kumpasua. Na hata leo, radio inaonyesha mifupa tu. Kuona kamba ya neva yenyewe kunataka mashine ya sumaku, ambayo katika nchi yetu iko mahali pachache.

Nne, wenye kujua kazi hii wamekuwa wachache. Mwaka 2000 Daktari Jo Lusi na mke wake Lyn walianzisha Goma kazi iliyokuja kuitwa HEAL Africa. Wakati ule Daktari Lusi alikuwa mmoja wa wapasuaji wachache sana wa mifupa katika mashariki yote ya Kongo. Shabaha yao moja ilikuwa kuwafundisha madaktari vijana wa hapahapa. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipoingia mjini, majengo yao yaliungua, wakajenga tena. Mama Lyn alifariki mwaka 2012. Tunataja habari hii ili mwelewe: mtu wa milimani aliyezaliwa na nusu ya pingili miaka 40 iliyopita, ni nani angemwambia?

4. Magonjwa mengine yanayofanana

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Mama wa miaka 32 ameumwa kiuno tangu mimba ya pili. Mguu wa kushoto ni mwembamba kuliko wa kuume, na kiatu chake kinaisha upande mmoja. Alishika sufuria ya moto kwa mguu huo, ukaungua, naye hakusikia. Jirani anasema: "Ule njo polio ya zamani." Mwingine anasema: "Hapana, ni kifua kikuu cha mifupa." Ni nani ana haki?

Polio hupunguza nguvu na nyama ya mguu, lakini haiondoi kusikia. Mtu wa polio akiungua, anasikia. Tena polio huja ghafula, mara nyingi pamoja na homa. Mguu usiosikia moto unatuambia tutafute shida katika neva.

Kifua kikuu cha mgongo, ambacho Percivall Pott wa Uingereza alikieleza mwaka 1779, hakikuzaliwa na mtu. Huja baadaye. Mgonjwa anakonda, ana homa ndogo na jasho la usiku, na mgongo unatokeza kibyongo chenye ncha. Hiki msikichezee kabisa. Kinaharibu mifupa, kinaweza kulemaza miguu, lakini kinapona kwa dawa, na dawa za kifua kikuu katika programu ya serikali hutolewa bure. Kwa hiyo kila mtu ambaye mgongo wake umeanza kupinda, pamoja na homa na kukonda, apelekwe upesi.

Mama wa mfano wetu, basi, anafanana zaidi na mtu mwenye kamba iliyofungwa. Lakini sisi si madaktari. Kazi yetu ni kumshauri aende, na kumsaidia kueleza vizuri.

5. Ni kosa la nani?

Hili ndilo swali la watu wote. Hata wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyo walipomwona kipofu wa kuzaliwa: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Someni Yohana 9. Bwana alikataa majibu yote mawili, kisha akamtendea yule mtu kazi. Basi sisi tunaojiita wanafunzi wake, kwa nini tunarudi kwa swali lile alilolikataa?

Mama hakupinda pingili ya mtoto kwa sababu alivuka mto, au aligombana na mama mkwe. Hakuna jirani anayeweza kuloga pingili za mtoto wa siku 28. Sababu nyingi za kasoro hizi waganga bado wanazitafuta. Moja wanaijua vizuri: upungufu wa vitamini iitwayo asidi ya foliki. Mwaka 1991 utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Uingereza ulionyesha kwamba wamama waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro ya neva, wakimeza vitamini hiyo kabla ya mimba na mwanzo wa mimba, hatari ya kurudia inapungua kwa karibu asilimia 72. Hiyo ni juu ya kasoro zile za wazi. Kwa nusu ya pingili hatuna dawa ya kuzuia ya namna hiyo.

Wanawake wote wanaoweza kupata mimba wanashauriwa kupata mikrogramu 400 kila siku, na kuanza kabla ya mimba, kwa sababu siku ya 28 inapita upesi. Chakula nacho kinasaidia: maharagi, lengalenga na majani mengine mabichi ya kijani, avoka, machungwa, maini. Lakini majani yakichemshwa saa nyingi na maji yake kumwagwa, vitamini hiyo inakwenda na maji. Wasichana wa darasa za juu, ninyi pia wavulana mtakaokuwa baba, andikeni jambo hili katika kaye zenu.

6. Alama za kuangalia

Kwa mtoto mchanga, wakati wa kumwogesha, mama aangalie kiuno juu ya matako: shada la nywele, uvimbe laini wa mafuta, kishimo kirefu, au alama nyekundu katikati ya mgongo. Lakini doa la rangi ya bluu ambalo watoto wetu wengi huzaliwa nalo matakoni ni la kawaida, nalo hupotea.

Kwa kijana na mtu mzima: mguu mmoja au unyayo mmoja mdogo kuliko mwingine, vidole vya mguu vilivyokunjamana, kidonda cha mguu kisicho na maumivu, bega moja juu kuliko jingine, maumivu ya kiuno yanayozidi akiinama, mkojo ulioanza kuponyoka, au unaokataa kutoka.

Mwaka 1865 mganga Mwingereza William Adams alifundisha njia rahisi ya kupima mgongo uliopinda. Mtu anasimama miguu pamoja, anainama mbele, mikono inaning'inia. Unayemwangalia kutoka nyuma, tazama kama mbavu za upande mmoja zinapanda juu kuliko za upande wa pili. Wasichana wapimwe na mwalimu mwanamke, wavulana na mwanaume, na asiwepo mtu wa kutazama kwa kucheka. Mkumbuke pia: vijana wengi wenye mgongo uliopinda pingili zao zilizaliwa nzima. Kipimo kinasema "nenda kwa daktari," hakisemi zaidi.

Na alama tatu hazingoji kesho. Mtu akipoteza kusikia mahali pa kukalia, au akashindwa ghafula kushika mkojo na choo, au miguu ikaishiwa nguvu kwa siku chache, abebwe siku hiyohiyo. Neva zilizobanwa sana zikikawia, hazirudi.

7. Tufanye nini, na tusifanye nini?

Tusimlaze mtu na kumkanyaga mgongo. Tusimvute shingo na miguu. Tusimchanje wala kumchoma. Kama pingili ni nusu, kuvuta hakutaifanya nzima. Kama kamba imefungwa, kuvuta kunazidi kuikata.

Tusikimbilie kila siku vidonge vya maumivu vya sokoni. Vikimezwa miezi na miezi vinatoboa tumbo na kuharibu figo, na kumbe watu wengine waliozaliwa na kilema cha mgongo figo zao tayari hazikukamilika. Wala pombe isiwe dawa. Mwimbaji mmoja mashuhuri wa Marekani, Hank Williams, alizaliwa mwaka 1923, na wanaoandika maisha yake wanasema alikuwa na upinde wa mgongo usiofungwa. Alipasuliwa mgongo mwishoni mwa mwaka 1951. Maumivu aliyazima kwa pombe na dawa kali, akafa tarehe 1 Januari 1953, akiwa na miaka 29.

Twende sante kwanza, tueleze mambo yote, hata yale ya mkojo ambayo yanaleta haya. Mwuguzi akituma mtu hospitali, aende. Barabara ya kushuka Sake mpaka Goma ni ngumu, na wakati wa vita inakuwa ngumu zaidi. Lakini picha ya radio iliyopigwa leo ni bora kuliko miaka kumi ya kubahatisha. Wengi hawatapasuliwa. Wataambiwa kupunguza mizigo, kufanya mazoezi, kuchunga miguu isiyosikia, kufundishwa kutoa mkojo kwa saa zake. Wale ambao kamba imefungwa, mpasuaji anaweza kuifungua. Mara nyingi maumivu hupungua, lakini nguvu iliyopotea zamani si rahisi irudi. Ndiyo maana tunasema: mapema.

Sasa neno la mwisho, juu ya shule yetu. Katika mabweni yuko mmoja anayeamka kabla ya kengele ili kuficha blanketi lililolowa. Katika mpira yuko mmoja anayekimbia vibaya, tunampa jina la bata. Katika kazi ya mikono yuko mmoja anayeomba kupumzika, tunasema "ule anatega." Labda ni kweli anatega. Labda pia ni kamba iliyofungwa, na huu ndio mwaka wa kuigundua. Kicheko chetu kinaweza kumfunga mdomo miaka ishirini, mpaka siku ambayo daktari atamwambia: ungekuja ukiwa na miaka 15.

Walimu wetu, tunawaomba kwa heshima: mwanafunzi aliyekojoa kitandani asichapwe wala kutajwa mbele ya wenzake, bali aulizwe pembeni na kupelekwa sante. Na wewe unayeficha, sema na mmoja unayemwamini.

Paulo katika Wagalatia 6 anatuagiza kuchukuliana mizigo. Kisha, mistari michache mbele, anasema kila mtu atachukua mzigo wake mwenyewe. Wengine waliona kama anajipinga. Sisi tunaona hivi: pingili iliyokatwa ni mzigo wa mwenyewe, hakuna wa kumpokea. Lakini ndoo ya maji, kuni, na aibu, hizo tunaweza kumpokea leo.

Maswali ya kujipima

1. Kamba ya neva ya mtu mzima inaishia wapi, na kwa nini lazima iwe huru?
2. Eleza tofauti kati ya mguu wa polio na mguu wa kamba iliyofungwa.
3. Ni alama gani tatu ambazo hazingoji kesho?
4. Kwa nini asidi ya foliki inatakiwa kabla ya mimba?
5. Katika darasa lako, ni jina gani la kucheka ambalo linafaa kuachwa tangu wiki hii?